Gari la Mama Mkunga na Chai ya Mjomba

Leo ukipita pale utakuta watu wanaosha magari kwa mashine, muziki umefunguliwa mpaka kifua kinatetemeka. Sakafu wameimwagia saruji mpya na ukuta wameupaka bluu. Mimi nikipita nageuza uso. Si kiburi, ni kwamba bado nauona ukuta wa zamani, ulivyong'aa kwa mafuta ya mikono mpaka usawa wa kiuno, na juu yake misumari, kila msumari na spana yake, na nyuma ya kila spana umbo lake limechorwa kwa chaki ili mtu akirudisha asikosee mahali. Hapo ndipo mjomba wangu alipofanya kazi miaka thelathini na minne. Duka langu la spea lilikuwa limeegemea ukuta huohuo, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kuambiwa.

Mtaani walimwita Fundi Subiri. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kanuni moja. Gari likiingia gereji na injini ya moto, haliguswi. Liwe la nani, awe na haraka gani, boneti linafunguliwa, linaachwa wazi, na mjomba anabandika birika kwenye jiko la mkaa. Chai inachemka, inamiminwa, inanywewa. Kikombe kikiisha ndipo spana inashika kazi. Ukimwambia umechelewa kazini, jibu ni subiri. Ukimwambia bosi wako anapiga simu, subiri. Kuna bwana mmoja wa ofisini, shati jeupe, kidevu juu, alikuja kumpangia mjomba namna ya kufanya kazi yake. Aliishia kunywa vikombe viwili na kuomba sukari iongezwe.

Kanuni hiyo haikuzuka tu. Ujanani mjomba alifanya kazi na rafiki yake mmoja, na siku moja rafiki huyo, kwa haraka za mteja, akafungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado inachemka. Maji yalimrukia usoni. Mjomba alimbeba mgongoni mpaka hospitali, na uso ulipona lakini jicho moja halikuona tena. Hadithi hiyo nimemsikia akiisimulia mara moja tu maishani, na alipomaliza aliniambia niende zangu dukani, wateja wananingoja.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, kama ameazima ya mtu mwingine. Penseli haikuondoka sikioni. Alikuwa anaimba kazini, na jamani, sauti hakujaliwa. Gari alilisalimia kwanza kwa kugonga boneti mara mbili, kisha anamuuliza mwenye nalo linaumwa wapi, na usipoeleza vizuri anakuuliza tena pole pole kama anayemwelekeza mtoto njia. Mimi ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwetu na sanduku moja na mdomo wangu, na ndugu wengine wote walinionea huruma ya maneno. Mjomba alichukua nyundo akatoboa ukuta wa stoo yake, akaweka dirisha na ubao wa kaunta, akaniambia nianze kuuza spea. Nilikuwa sijui plagi wala fyuzi. Kila jioni baada ya kazi alinifumba macho kwa kitambaa na kuniwekea vitu mkononi, nivitaje kwa kuvipapasa. Nikikosea anacheka mpaka anashika ukuta. Siku zile nilikuwa na hasira na dunia nzima, na ile ndiyo iliyokuwa saa pekee ya kutwa ambayo nilicheka na mimi.

Sasa nije kwa Mama Mkunga na gari lake.

Mama Mkunga alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamuru. Nusu ya mtaa ilizaliwa mikononi mwake na hakuona haya kukukumbusha. Mimi aliwahi kuniambia mbele ya wateja kwamba nilitoka tumboni nimekunja ngumi na sijaikunjua mpaka leo. Alikuwa amestaafu, ila wajawazito hawakupata taarifa hiyo. Walimpigia simu alfajiri, walimpigia mchana, naye anaingia kwenye kigari chake cheupe anawafuata. Gari lenyewe lilikuwa na umri wa kuoa. Rangi ya boneti ilikuwa imeliwa na jua, kiti cha dereva kimeshonwa kwa uzi wa hospitali, ule wa kushonea watu, na ameshona mwenyewe.

Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa huu. Asubuhi linawaka mara moja, mlio safi. Likitembea nusu saa hivi, na jua likiwa kali, linakata. Halikohoi, halitetemeki, halitoi moshi. Linakata tu, kama mtu aliyezima taa. Unalisukuma pembeni, unakaa dakika ishirini unapigwa na vumbi, unageuza ufunguo, linawaka kama vile halijafanya kitu. Siku moja lilikata na mjamzito ndani, uchungu umeshamkolea. Safari waliimalizia kwenye mkokoteni wa kubebea maji, Mama Mkunga anasukuma nyuma pamoja na mwenye mkokoteni. Mtoto alitoka salama, ila Mama Mkunga alipokuja gereji kesho yake hakukaa kwenye kiti. Alisimama tu. Mjomba aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

Miaka mitatu alipambana nalo. Alibadilisha plagi. Alibadilisha nyaya za plagi, koili, chujio, pampu ya mafuta. Alishusha tangi akaliosha kwa mkono. Fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa na kompyuta ya kupimia magari, alikuja nayo kwa madaha, akatafuta tundu la kuchomeka waya wake, hakulipata. Gari lilikuwa la zamani mno kwa mashine yake. Mjomba alijifanya kumpa pole, lakini mimi namjua, siku nzima aliimba.

Na kila mara ilikuwa vilevile. Gari linakata karibu, linasukumwa mpaka gereji, boneti wazi, birika jikoni. Mama Mkunga anakaa kwenye stuli ya mbao, mjomba kwenye ndoo iliyopinduliwa, wananyweshana chai na kusimuliana habari za watu waliokufa zamani. Kikombe kikiisha mjomba anainuka, anagusa hapa, anapima pale, kila kitu kizima. Ufunguo mmoja, injini inaguruma. Mjomba alikuwa anasema afadhali gari lingekufa moja kwa moja, lingemheshimu.

Mwaka ule alikuwa ametimiza sabini na moja. Mkewe alikuwa ametutoka miaka minane nyuma, na mwanawe mmoja tu, binamu yangu, alikuwa ameolewa mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Asubuhi moja mvua ililowesha ngazi za lile shimo la kukagulia magari kwa chini. Mjomba aliteleza akatumbukia mpaka chini. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nabishana na mteja kuhusu feni, na kwa sauti yangu ilivyo sikumsikia akiita. Alilala mle karibu saa nzima. Mbavu mbili zilivunjika. Hilo sijawahi kujisamehe, na msinibembeleze.

Binamu yangu alikuja, akamwuguza wiki tatu, na alipoona anaweza kutembea akaanza kumwambia ahamie kwake. Chumba kipo tayari, wajukuu wapo, hakuna ngazi, hakuna shimo. Mjomba alikuwa anasikiliza huku anachokonoa kucha kwa bisibisi. Binamu akalia. Hapo mjomba akaona hana pa kukimbilia.

"Gari la Mama Mkunga likipona, naondoka siku inayofuata," alisema. "Siendi kukaa kwenye kiti cha wageni huku gari la mtu limenishinda. Mpaka hapo, msinisumbue."

Binamu yangu alikubali, kwa sababu baba yake akisema amesema. Akarudi kwake. Ukapita mwezi, miwili, minne. Akaanza kunipigia simu mimi. Siku moja akaniuliza kama baba yake analitafuta kweli lile tatizo au analificha. Nilimkoromea, nikamwambia amkome mzee. Lakini nikikata simu moyo ulikuwa unanisuta, kwa sababu ukweli ni kwamba gari lile kila lilipozima mimi nilishukuru. Mama Mkunga anisamehe. Nilijua likipona tu, upande wa pili wa ukuta wangu patakuwa kimya.

Basi ikaja siku hiyo. Ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, jua la kuchoma utosi. Mimi nilikuwa na mzigo wa spea unashushwa, simu inalia, wateja wanne kwenye kaunta na kila mmoja anajiona wa kwanza. Gari la Mama Mkunga likaja, likakata katikati ya geti. Gari lililoleta mzigo wangu haliwezi kutoka. Nikatoka kwenda kuwaambia walisukume. Nikawakuta hao wawili wamekaa, mmoja kwenye stuli, mmoja kwenye ndoo, boneti wazi, wanapuliza chai.

Hasira ikanipanda. Kwa kawaida yangu nilifungua mdomo kabla ya akili kufika.

"Mjomba, hili gari linaumwa wakati ninyi mmeshika vikombe," nikamwambia. "Mkimaliza kunywa limeshapona. Mtaujua lini ugonjwa wake?"

Mjomba akaniangalia. Kisha akakitazama kikombe chake, akakiweka chini, na chai ilikuwa bado nusu. Tangu nimjue sikuwahi kuona kikombe cha mjomba kikiwekwa chini na kitu ndani.

Mama Mkunga naye akasema taratibu kwamba akina mama walikuwa wanamletea watoto wenye homa, foleni inakuwa ndefu, na mtoto akifika mezani homa imeshuka. Unampima, huoni kitu, unamrudisha nyumbani. Usiku homa inapanda tena. Mjomba akainuka akaenda kwenye gari, akageuza ufunguo. Likawaka pale pale.

"Limepona," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mimi nilibaki nimesimama pale getini na mzigo wangu wote umenitoka kichwani. Nilikuwa nimeelewa nilichokifanya. Miaka yote watu wananiambia nitakuja kuponzwa na mdomo, na siku hiyo ulimponza mjomba.

Kesho yake, Alhamisi, tulifunga duka na gereji saa tano. Mama Mkunga alishika usukani, mimi nikakaa mbele pembeni yake, mjomba nyuma na chupa mbili za maji, plagi moja ya akiba na bisibisi, kichwa chake kikiwa katikati yetu. Aliniambia kazi yangu ni moja. Kwenye dashibodi kulikuwa na mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Likikata, nisiangalie barabara, nisimwangalie yeye, niangalie mshale huo.

Tulizunguka. Tukapanda kilima cha nyuma ya shule, tukashuka, tukapita sokoni, tukapanda tena. Vioo viko chini lakini hewa inayoingia ni ya tanuri. Mama Mkunga alikuwa anaendesha huku ananisimulia jinsi mama yangu alivyomng'ata siku ya kunizaa. Mara ya tatu tunashuka kilima, gia imeingia, tukasikia kimya. Injini imekata. Gari bado linateremka lenyewe.

"Mshale umeshuka pole pole, au umeanguka?" mjomba akauliza.

"Umeanguka, Mjomba. Uko sifuri."

"Na magurudumu bado yanaizungusha injini," akasema. "Injini inazunguka, lakini hakuna anayehesabu. Huyo mwenye kuhesabu ndiye aliyelala."

Nawaeleza kama alivyonieleza mimi. Chini kabisa ya injini, karibu na puli, kuna kidude kidogo kama kidole gumba, mafundi wanakiita sensa ya krenki. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya injini na kuziambia plagi zitoe cheche lini. Kikinyamaza, plagi hazijui saa, cheche haitoki, gari linakata. Na vidude hivi vikizeeka, waya wake wa ndani unapata ufa. Ukiwa wa baridi ufa umebana, umeme unapita. Ukipata moto unatanuka, ufa unaachia. Ukipoa unarudi. Kwa hiyo ukikipa dakika ishirini na kikombe cha chai, ugonjwa unakuaga unaondoka, na wewe unabaki unabadilisha pampu.

Tulisimama pembeni. Na hapo, kwa macho yangu haya, nilimwona Fundi Subiri akifungua boneti la gari linalofuka joto na kuingiza mikono. Kifuniko cha rejeta hakukigusa, lakini mikono aliiingiza. Alichomoa waya wa plagi, akauvika ile plagi ya akiba, akaiegemeza kwenye chuma. Mama Mkunga akapiga stata. Cheche hakuna. Mjomba akamwambia akate usukani wote mpaka mwisho, ili gurudumu la mbele litoe nafasi. Kisha akalala chini, kando ya barabara, na mbavu zake zile. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema mkono wangu haujui njia.

Akapeleka mkono nyuma ya gurudumu na chupa ya maji, akamimina kwenye kile kidude. Akaomba chupa ya pili, akamimina. Dakika moja haijaisha.

"Washa," akasema.

Likawaka. Injini ilikuwa ya moto, boneti limefunguka, jua liko utosini, na likawaka kwa ufunguo mmoja. Mama Mkunga akapiga honi kama mtoto. Mimi nilicheka, halafu nikaona mjomba hajainuka. Amelala chali pembeni ya gurudumu, shati limelowa, mkono umebabuka kwa joto la ekzosi, lile bomba la moshi, anaangalia juu. Nikadhani ameumia. Nikapiga magoti.

"Miaka mitatu," akaniambia. "Ni kanuni yangu iliyokuwa inalificha."

Nilimwambia kanuni hiyo imeokoa macho ya watu wangapi pale gereji. Akasema kanuni haijutii, angeanza upya angeiweka tena. Anachojutia ni kwamba aliifuata kwa mazoea mpaka akaacha kufikiri. Mama Mkunga akamwosha mkono kwa maji yaliyobaki, akamfunga kwa kitambaa chake cha kichwani, na akamgombeza njia nzima kwa kulala barabarani.

Ijumaa tulikitoa. Mimi nilishika tochi. Bolti yake ilikuwa moja tu, namba kumi, lakini ilikuwa imeshikana na chuma kwa kutu ya miaka, na mikono ya mjomba siku hizo ilikuwa inatetemeka kidogo kabla ya kugusa kitu. Ikishagusa inatulia. Aliipaka mafuta, akaigonga kidogo, akangoja, akaigonga tena. Saa mbili nzima. Nilimtazama kwenye mwanga wa tochi, uso umejaa masizi, penseli sikioni, anaimba ule wimbo wake mbovu kwa sauti ya chini, na nikashindwa kuvumilia.

Nikamwambia, "Mjomba, ungeweza kuliacha. Hakuna ambaye angejua."

Hakuacha kuzungusha spana. "Ningejua mimi," akasema. "Na yule mama wa kwenye mkokoteni."

Kilipotoka alikiweka mezani, akakiunganisha na mita ya umeme. Namba ikasimama vizuri. Akachota maji ya moto kwenye birika, akamimina kikombeni, akakichovya humo. Namba ikapanda, ikapanda, halafu ikapotea kabisa. Akakitoa, akakipepea, namba ikarudi. Alirudia mara nne, na kila mara aliniita nije kuona, nami nilikwenda mara zote nne.

Dukani kwangu sensa hiyo haikuwepo. Nakiri kwamba nilichelewa kuiulizia. Nilipanga mafaili, nikafuta vumbi kwenye rafu, nikamjibu mteja kwa upole mpaka akaniuliza kama naumwa. Mwishowe nikapiga simu, na Jumatatu mchana ikaletwa na basi, ndani ya kiboksi kidogo cha karatasi ngumu. Mjomba aliilinganisha na ya zamani, pini kwa pini, urefu kwa urefu, kwa sababu zipo zinazofanana kwa sura na hazifai. Alisafisha tundu lake, akatoa unga wa chuma ulioganda humo. Akaipaka oili kidogo kwenye mpira wake ili iingie bila kukatika. Nafasi kati yake na meno ya gurudumu dogo la injini linalohesabiwa aliipima kwa kipande cha kile kiboksi. Halafu akaona jambo jingine. Waya wa sensa ya zamani ulikuwa umepitishwa karibu mno na ekzosi. Akaupitisha njia nyingine, mbali na moto, akaufunga kwa vibanio vitatu. Kama ni mimi ningeweka kimoja. Yeye aliweka vitatu.

Jumanne Mama Mkunga alilizungusha gari kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Alipita mbele ya geti mara kumi na moja, nilihesabu, na kila akipita anapiga honi. Mjomba alikaa kwenye ndoo yake anasikiliza. Saa tisa na robo alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaomba simu yangu, akampigia mwanawe. Alimwambia gari limepona.

Jioni hiyo alizitoa spana ukutani moja moja, akazifuta. Akamwita yule fundi wa ng'ambo, akampa zote. Yule bwana na kompyuta yake alilia hadharani, mtu mzima, kamasi linatoka, na mjomba akamtania kwamba machozi yanaleta kutu.

Binamu yangu alitaka kutuma gari zuri limchukue. Mama Mkunga akakataa katakata. Alisema gari lililopona litampeleka daktari wake, na anayebisha asogee ambishie usoni. Kwa hiyo Jumatano saa moja asubuhi tuliondoka watatu, mzee mbele, mimi nyuma nimebanwa na sanduku lake na godoro.

Saa tano njiani. Gari lilikwenda kama limetoka dukani. Tulipanda milima, tukashuka, jua likapanda likatukuta kwenye tambarare isiyo na hata kivuli cha mbuzi. Mama Mkunga alizungumza peke yake, anasifu injini. Mjomba hakuimba. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, macho kwenye mshale, na kila tulipofika kwenye kilima kirefu alizidi kuinama kuelekea dashibodi. Nilimwangalia kisogo chake nikasema moyoni, mwache, fundi anaionea fahari kazi yake. Nilimwonea wivu, kwa kweli. Mimi nilikuwa nameza machozi tangu tulipolipa kisogo lile geti.

Tulifika saa sita mchana. Nyumba nzuri, ukuta mweupe, uwanja umefagiwa. Dirishani kwa chumba chake pazia jipya lilikuwa linapepea, na kwenye kizingiti, ndara mpya za saizi yake zimepangwa pamoja. Wajukuu wakaja mbio. Binamu yangu akatoka anajifuta mikono kwenye kanga, analia na kucheka. Mama Mkunga akazima injini, na kwa kujishaua, mbele ya watu wote, akageuza ufunguo tena ikiwa bado ina moto wa saa tano. Ikawaka hapo hapo. Watoto wakapiga makofi.

Mama Mkunga akashuka kwenda kusalimiana. Mimi nikazunguka kumfungulia mjomba mlango. Alikuwa bado amekaa, mkanda hajaufungua, anausikiliza ule mlio.

"Mpwa wangu," akaniambia, kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie. "Njia nzima nilikuwa naliombea lizime."

Nikainama nikamfungua mkanda, nikampa mkono, akashuka.